Ndoo, pipa, birika la saruji au birika la boya: maji ya farasi na punda yawekwe wapi?

Farasi hapa Tanga ni wa kuhesabu, na wengi wa wanaowatunza ni watu kama mimi: tulianza na punda, kisha siku moja tajiri akashusha farasi kutoka kwenye lori na kuuliza nani hapa anajua wanyama. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa saisi wa farasi jike mmoja na punda wawili huku Mwambani, bahari mbele na minazi nyuma. Swali ninaloulizwa mara nyingi halihusu hatamu wala kwato. Watu wanauliza: maji niwawekee kwenye nini?

Nimetumia vyombo vinne kwa zamu. Ndoo, pipa la plastiki lililopasuliwa, birika la saruji, na birika dogo lenye boya, lile linalojijaza lenyewe. (Nikisema birika, la chai liweke pembeni. Ni lile la kunyweshea mifugo, ambalo wenzetu wa bara huliita mbauti.) Kila kimoja kimenifaa kwa wakati wake, na kila kimoja kimenitia hasara. Kwa hiyo usitegemee nikuambie kimoja ndicho mfalme. Nitaviweka kwenye mizani ileile, halafu wewe uliyesimama sokoni Ngamiani na hela mkononi utajua mwenyewe.

Mizani yenyewe

Kwanza kiasi. Farasi wa kilo 450 hivi hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku ya kawaida. Kaskazi ikikaza, au akifanya kazi akatoka jasho, inaweza kufika mara mbili ya hapo. Punda hunywa lita 10 hadi 25. Chombo kikiwa kidogo mno, mnyama anashinda na kiu. Kikiwa kikubwa mno, maji yanalala, na hapa ndipo wengi tunapokosea kwa sababu tunadhani kikubwa ndicho salama. Farasi mmoja anayekunywa lita 35 kwa siku, kwenye birika la lita 400, atalimaliza kwa siku 11. Mbu kwa joto letu la pwani anahitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai mpaka kuruka. Yaani umefuga mbu, na farasi umemleta awe shahidi.

Pili, kusafisha. Usiulize kama chombo kinasafishika, maana vyote vinasafishika. Uliza kama wewe, saa 12 asubuhi, umechoka, utakisafisha kweli. Na kumwaga maji peke yake hakutoshi. Yule mbu wa dengi mwenye madoa meupe miguuni hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Ukimwaga na kujaza bila kusugua ukuta, umeyaletea maji hadi mlangoni. Tuliokuwa Tanga mwaka 2019 tunaikumbuka homa ile.

Tatu, usalama wa mnyama: ukingo unaokata, pembe za kugongea, urefu usiofaa, na vitu vinavyotumbukia vikafia humo. Panya au mjusi aliyeoza kwenye maji anaweza kuleta sumu ya kupooza misuli, na farasi ni dhaifu sana kwa sumu hiyo.

Nne, tope. Hili watu hawaliweki kwenye hesabu kabisa, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuna ugonjwa unaoitwa kwa jina lake kabisa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na visubi, wale wadogo kama chembe ya pilipili manga wanaouma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na visubi huzaliana kwenye udongo uliolowa. Punda hustahimili ugonjwa huo. Farasi wengi hufa, tena haraka. Ukiwa na maji safi kama kioo ndani ya birika, na nje yake dimbwi la tope lililovurugwa kwa kwato, bado uko hatarini.

Tano, gharama na nguvu. Bei sitaji kwa sababu ya leo si ya kesho. Nitasema tu kipi kinakula hela na kipi kinakula mgongo.

Ndoo

*Kiasi.* Ndoo ya lita 20 ni ndogo kwa farasi. Anahitaji mbili asubuhi, ujaze tena adhuhuri na jioni, na usiku uziache zimejaa. Lakini ndoo ina kitu ambacho vingine vyote havina: unajua mnyama amekunywa kiasi gani. Nikija asubuhi nikakuta ndoo mbili tupu, roho inatulia. Nikikuta moja haijaguswa, siondoki hapo mpaka nimetazama kinyesi, nimemfunua mdomo na kupapasa ufizi kama una unyevu au unanata.

*Kusafisha.* Hakuna kinachoshindana nayo. Unamwaga kwa mkono mmoja, unasugua kwa kumbi la nazi au dodoki, unasuuza, umemaliza. Usitumie mchanga. Mchanga unachora plastiki, na ule utelezi wa kijani unashika kwenye michoro hiyo hadi basi. Na ndoo zilizokuwa na rangi ya nyumba zibaki kwa mafundi rangi.

*Usalama.* Mkono wa ndoo ni mtego. Punda wetu mdogo aliwahi kuingiza kwato humo akakimbia nayo hadi shamba la jirani, inagonga kila kisiki, mtu ungedhani harusi inapita. Hakuumia, ila miche ya mihogo ya watu tuliilipa. Tangu siku hiyo mikono yote naichomoa, na ndoo naikalisha ndani ya tairi chakavu ili isipinduliwe. Tairi nalo lina lake: mvua ikinyesha hushika maji ndani ya mashavu yake, na humo mbu hustarehe. Litoboe matundu kadhaa upande wa chini.

*Tope.* Kidogo sana, na unaweza kuhamisha ndoo kila siku mbili tatu kabla ardhi haijachoka.

*Gharama na nguvu.* Hela kidogo, mgongo mwingi. Lita 20 ni kilo 20. Farasi mmoja na punda wawili siku ya joto ni safari tano hadi saba kutoka bombani. Siku ukiumwa, au ukienda msibani Pangani ukalala huko, ndoo haijijazi yenyewe.

*Inamfaa* mwenye mnyama mmoja au wawili, na mnyama anayelala bandani. Inamfaa pia mgonjwa au mgeni yeyote. Farasi mwenye mafua, usaha puani au uvimbe chini ya taya apewe ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa wa tezi za koo hukaa hai kwenye maji kwa wiki kadhaa, na chombo cha pamoja ndiyo njia yao.

Pipa la plastiki lililopasuliwa

*Kiasi.* Lile pipa la buluu la lita 200 na kidogo, ukilipasua kwa urefu unapata mabirika mawili ya karibu lita 100 kila moja. Nusu moja inawatosha farasi mmoja na punda wawili kwa siku. Yanaingia asubuhi, yanaisha kesho yake asubuhi. Ukubwa wa namna hii nimeupenda.

*Kusafisha.* Rahisi ukitoboa tundu chini na kuweka kizibo. Bila tundu utalipindua, na pipa lenye lita 60 zilizobaki halipinduki kwa kuombwa. Fundi aliweke tundu upande wa chini kabisa wa pipa likiwa limekaa kwenye fremu yake. Letu la kwanza alilitoboa vidole vinne juu, tukawa kila siku tunakomba uchafu uliobaki chini kwa kata.

*Usalama.* Hapa pana mambo mawili, na la kwanza ni la kabla ya kununua. Uliza pipa lilibeba nini. Yapo yaliyobeba mafuta ya kula au juisi nzito, na yapo yaliyobeba magadi ya viwandani na dawa za mashambani. Yote ni ya buluu, yote yanauzwa mahali pamoja. Fungua kifuniko, ingiza pua, soma karatasi kama bado imebaki. Muuzaji akisema "aa, hilo lilikuwa na sabuni tu, kaka, suuza utumie", na karatasi imebanduliwa, mwache nalo. Plastiki hunywa dawa na kuitema polepole, na kuosha hakuiondoi.

La pili ni ukingo. Plastiki iliyokatwa kwa msumeno inakata mdomo wa farasi kama kisu cha kupaa samaki. Chukua mpira wa maji wa zamani, upasue kwa urefu, uvike ukingo wote, ufunge kwa waya huku ncha za waya zikitazama nje na chini. Kisha fremu ya mbao au chuma isiyoyumba, ukingo uwe sentimita 60 hadi 75 kutoka ardhini kwa farasi. Kwa punda shusha hadi 45 au 50. Ukiwa nao wote zizi moja, fuata urefu wa punda, maana farasi anajua kuinama.

*Tope.* La wastani. Maji yanayomwagwa kila asubuhi yanataka pa kwenda, la sivyo kila siku unalowesha palepale. Sisi tulichimba mfereji mwembamba hadi kwenye migomba, na migomba imeshukuru.

*Gharama na nguvu.* Pipa pamoja na kazi ya fundi ni hela ya kati. Jua ndilo adui yake: miaka michache juani plastiki inakauka na kupasuka, tena hupasuka usiku. Chini ya kivuli inadumu zaidi sana.

*Linamfaa* mwenye wanyama wawili hadi wanne, mwenye bomba la mpira linalofika zizini, na mpangaji ambaye kesho huenda akahama.

Birika la saruji

*Kiasi.* Unajenga utakavyo, na ndiyo hatari yake. Fundi alituuliza, "Tufanye kubwa kabisa, mzee?" Mzee, yaani tajiri wetu, akajibu ndiyo, na mimi nilikuwa bado mgeni wa mambo nikanyamaza. Likatoka la lita 400 kwa wanyama watatu.

*Kusafisha.* Hapa sharti niseme kwa marefu. Saruji mbichi ina vinyweleo, na utelezi unaota mizizi humo. Fagio la chelewa linafaa kuliko brashi laini, ukisugua kwa nguvu kila wiki. Hata hivyo kila kitu kinategemea mambo mawili ambayo fundi asiyefuga hayafikirii: sakafu ya ndani iinamie upande mmoja, na upande huo pawe na bomba la kutolea maji la inchi mbili, si lile la nusu inchi linalozibwa na jani moja la mwembe. Letu halikuwa na bomba lolote. Kulisafisha kulikuwa kuteka lita mia tatu kwa ndoo. Basi tulilisafisha mara ngapi? Wiki ya kwanza mara moja. Wiki ya pili tukasema kesho.

Na kesho hiyo ndiyo iliyotuponza. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, na farasi akaanza kusimama mbele ya birika bila kunywa. Alikuwa anashusha pua hadi karibu kugusa maji, anapumua puuu mpaka viduara vinaenda ukingoni, anakunja mdomo wa juu, anaondoka. Nikadhani hana kiu. Birika kubwa halionyeshi kama limepungua lita 10 au 40, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua. Siku iliyofuata kinyesi chake kilikuwa vigololo vikavu, vichache, na jioni akawa anageuka kutazama ubavu wake na kuparua ardhi. Daktari wa mifugo alikuja usiku. Choo kimefunga, akasema, kwa kukosa maji, na akamhudumia mpaka alfajiri. Asubuhi nilipoteka lile birika lote nikakuta chini kipande cha chapati, kichwa cha changu na matumbo ya samaki. Kunguru. Kunguru wetu wa pwani huloweka chakula chake kwenye maji kabla ya kula, na alikuwa amelifanya birika letu jiko lake. Punda walikuwa wanateremka kunywa kwenye dimbwi la bombani. Farasi hakuwa na hila hiyo.

*Usalama.* Halipinduki, halipasuki kwa teke, na kingo zikiviringwa halijeruhi. Lakini jipya lina ukali wa chokaa. Lijaze, liache siku mbili tatu, limwage, urudie hivyo kwa wiki mbili kabla mnyama hajaonja. Kulowa huko kunaikomaza saruji pia. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kama uko hatua ishirini kutoka kwako, kwa sababu chumvi yake inakula nondo na ukuta unafunguka nyufa. Weka pia mawe yaliyopangwa ngazi upande mmoja wa ndani, au ubao wa mshazari, ili kuku, mjusi au panya akitumbukia apate pa kutokea.

*Tope.* Linaweza kuwa zuri kuliko vyote au baya kuliko vyote. Zuri, ukijenga na sakafu ya zege au kokoto upana wa mita mbili kuzunguka. Baya, ukilisimika kwenye udongo mtupu, maana halihami. Masika ya Machi hadi Mei hapo patakuwa shamba la mpunga.

*Gharama na nguvu.* Hela nyingi siku ya kwanza, halafu kidogo kwa miaka mingi. Maji ndani ya ukuta mnene yanabaki na ubaridi mchana, jambo ambalo farasi analipenda wakati wa joto. Kwenye pipa lililoachwa juani maji ya saa 8 yanafaa kuogea.

Wengine huweka perege ndani ili wale viluwiluwi vya mbu. Wanakula kweli. Ila samaki nao wananyea, klorini ya bomba inaweza kuwaua, na ukiwa na samaki utaogopa kumwaga maji. Mimi sikuwapenda. Jirani yangu anawapenda na ng'ombe wake hawajambo.

*Linamfaa* mwenye wanyama sita kwenda juu wanaolimaliza ndani ya siku moja au mbili, mwenye kiwanja chake mwenyewe, na mahali ambapo punda wa watu wengi hunywa pamoja na hakuna anayejua nani ataleta ndoo.

Birika dogo lenye boya

*Kiasi.* Chombo kina lita 30 au 40 tu, lakini nyuma yake kuna tanki, na boya hufungua maji kila yanapopungua. Kwa hiyo ni dogo na halikauki. Hakikisha mdomo wa farasi unaingia wote na maji yanaingia kwa kasi, maana farasi hunywa kwa mafunda makubwa na kibakuli kinachochuruzika kinamchosha akaacha.

*Kusafisha.* Ni jepesi kwa sababu maji ni kidogo na yanabadilika kutwa. Tatizo ni kwamba linakudanganya. Linajaa lenyewe, basi unaacha kulitazama. Masalia ya majani ya malisho yanazama na kuchacha chini, juu maji yanang'aa. Funga koki, limwage na kulisugua kila siku mbili, kama ndoo.

*Usalama.* Boya lifunikwe kwa bati lililokunjwa kingo au ubao, la sivyo punda atalitafuna. Nasema punda kwa sababu namjua. Na kama ilivyo kwa saruji, hujui nani amekunywa nini. Ukiweza kufunga mita ndogo ya maji kwenye bomba, utaisoma asubuhi na jioni na tatizo hilo litapungua, ingawa kwa wanyama watatu bado hujui yupi.

*Tope.* Siku njema hakuna. Siku boya likikwama wazi, tanki lote linaingia ardhini. Letu lilikwama Ijumaa usiku kwa kipande cha mchanga kidogo kuliko punje ya mtama, na Jumamosi tuliamka tanki la lita 1,000 limekauka na zizi limekuwa bwawa. Chujio kwenye bomba la kuingilia lingezuia hayo yote.

*Gharama na nguvu.* Tanki, mnara, mabomba, koki, boya. Ni hela, na vipuri vya bei nafuu hufa mapema. Mgongo unapumzika kabisa. Maji ya mjini kwetu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mvua kubwa zikipiga milimani Amani maji ya mto hubeba udongo. Tanki linapata tope chini ambalo siku moja litakwenda kwenye boya. Lioshe kabla na baada ya masika.

*Linamfaa* mwenye maji ya uhakika na mtu wa kulipitia kila siku bila kukosa, hata kama hana nguvu ya kubeba. Asiyekuwepo siku nzima asilichague kwa kudhani litamlindia wanyama.

Yanayohusu vyote vinne

Kivuli. Utelezi wa kijani unataka jua na lishe, na ukiunyima jua umeunyima nusu. Lakini chagua mti. Mwembe una kivuli kizuri sana na ukichanua utakuta maua kama pumba juu ya maji, kisha maembe. Banda la makuti lina amani zaidi. Mnyonyo uung'oe kabisa karibu na zizi, mbegu zake zinaua farasi, na ua wa mnyaa uliopogolewa usiachie utomvu kwenye maji.

Malisho yakae mbali na maji, hatua kumi hivi. Farasi akila huku akinywa hugeuza birika kuwa supu ya majani. Wala usiweke chombo kwenye kona ya zizi, kwa sababu mbabe wa zizi atamfungia mwenzake humo.

Jiki ni ya kuosha chombo kitupu. Sugua kwanza mpaka uchafu utoke, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu. Kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, paka, acha dakika 10 hadi 15, suuza mara mbili. Usichanganye na ndimu wala siki, wala usimwage palipo na mkojo mwingi, moshi wake unachoma kifua. Mimi hufanya hivi mara moja kwa mwezi, na kila ninapokuwa na mgonjwa. Siku nyingine ni maji, kumbi na mkono.

Mrututu, ile chumvi ya shaba, wapo wanaouweka kuua ukijani. Ikiwa mbuzi au kondoo wa mtu yeyote wanafika hapo kunywa, usithubutu. Kondoo hasa hawastahimili shaba iliyomo.

Visima vya karibu na bahari, huku kwetu na kuelekea Pangani, vina chumvi, na kiangazi kikizidi huzidi. Onja mwenyewe. Mnyama aliyetoka mahali pengine anaweza kuyakataa siku mbili za mwanzo kwa ladha tu, kwa hiyo mgeni umwanzishe kwa kuchanganya na maji ya bomba, kwenye ndoo, ili uone anachokunywa.

Sasa wewe uko wapi?

Una farasi mmoja, au punda mmoja wa kazi, na bomba liko karibu: ndoo mbili ndani ya tairi. Usijenge kitu.

Una watatu au wanne, au umepanga: nusu ya pipa kwenye fremu, na ndoo mbili akiba kwa mgonjwa. Hela ikiruhusu tanki, ongeza boya kwenye pipa hilohilo, lakini kizibo kibaki na kumwaga kubaki.

Una kundi, na kiwanja ni chako: saruji, mradi ukubwa ufuate lita wanazokunywa. Jumlisha wanachokunywa kwa siku, jenga la ukubwa huo na nusu yake tu. Fundi akikataa kuweka bomba la kutolea la inchi mbili, tafuta fundi mwingine kabla hajakoroga.

Mabomba yanakatika maji mara kwa mara: tanki ni lazima kwanza, chombo cha kunywea baadaye. Boya kwenye bomba la moja kwa moja litakuachia mnyama na bakuli kavu.

Zizi liko bondeni na masika halikauki: chombo chochote kinachohamishika, ukisogeze kila siku chache, na farasi alale ndani kuanzia magharibi, mbali na visubi.

Mzee wetu alichagua pipa, lipo chini ya makuti tangu mwaka juzi, na usiku farasi analala na ndoo zake mbili. Lile birika la lita 400 bado limesimama. Kuku wa jirani anatagia humo. Tajiri akileta farasi wengine wanne kama anavyosema kila Krismasi, tutalitoboa bomba na kuku atahama.